Poda Kabla ya Jina

Viatu vyake vya ngozi vilibaki ofisini. Nyumbani alitoka na buti za mpira, kama sisi sote tunaoishi katika matope ya Masisi, ila yeye alikuwa na tai shingoni tayari. Akifika mlangoni alivua buti, akafuta miguu kwa kitambaa, akavaa viatu vyeusi vinavyong'aa, na kuanzia hapo hata sauti yake ilibadilika. Akiwa na buti ungeweza kumsimamisha njiani ukamuuliza habari za mbuzi wake. Akiwa na viatu ulisema shida yako kwa kifupi, halafu ukangoja.

Tulimwita Papa Apariteri, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake katika universite yetu ndogo ya mlimani, juu ya barabara inayotoka Sake kupanda Masisi. Apariteri ndiye anayeandikisha wanafunzi, anayepanga mitihani na kulinda mlango wake. Mwisho wa mwaka, siku ya proklamasio, yeye ndiye anayesimama mbele ya watu wote na kusoma kwa sauti matokeo ambayo juri ya maprofesa imekubaliana. Mimi nilikuwa katekista wa kanisa dogo la universite. Kati ya chumba changu cha sala na ofisi yake palikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo kwa miaka mingi niliisikia kazi yake kuliko nilivyoiona.

Sitasimulia alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Katika milima yetu swali hilo limeumiza watu wengi. Siku moja mgeni alimuuliza, naye akajibu, "Mimi ni wa mlango ule," akionyesha ofisi yake kwa kidevu. Mgeni hakurudia swali.

Wanafunzi wetu, karibu wote, walikuwa wa kwanza katika nyumba zao kuingia universite. Walitoka Muheto, Mushaki, na vijiji visivyo na barabara. Wengine walitembea kutoka Walikale kupitia msituni, wakiomba Mungu wasikutane na mtu. Wazazi wao walikuwa wakulima wa maharage na muhogo. Waliuza mbuzi, mtoto akaenda, na baada ya hapo hawakujua mtoto anafanya nini huko juu. Papa Apariteri aliliona hilo kuliko maprofesa walivyoliona. Kila mwanzo wa mwaka alikataa kumwandikisha mwanafunzi mpya, yule tunayemwita ble, mpaka mzazi wake aje mwenyewe aketi kwenye benchi la darasa kubwa. Walikuja wamevaa nguo za Jumapili, wakiketi pembeni mwa benchi kana kwamba litavunjika.

Nakumbuka mwaka ambao baba mmoja wa Muheto alimleta binti yake mkubwa, Riziki. Alikuwa mtu wa maneno, na watu waliketi karibu naye ili wacheke.

"Papa Apariteri," alisema, "nasikia mutoto yangu ataingia agronomi. Hiyo agronomi njo nini?"

"Njo kusoma namna ya kulima, Papa."

"Kulima?" Akageukia wenzake. "Mimi niko nalima tangu meno yangu iko ya maziwa! Munilete mimi hapa mbele, nitafundisha hawa baprofesa namna ya kushika jembe!"

Darasa zima lilicheka. Papa Apariteri alingoja.

"Utakuja, Baba Riziki. Lakini kwanza nitakuandikisha kama ble. Na ble njo anafagia."

Walicheka tena, na hata yule baba alipiga paja lake. Kisha Papa Apariteri akaondoa kicheko usoni.

"Sasa musikilize vizuri. Profesa wetu wengi wanatoka mbali. Barabara ikifungwa, hawakuji. Mwanafunzi anaweza kukaa wiki nyingi bila somo. Halafu siku moja profesa anafika na pikipiki, anafundisha kozi yote wiki moja, asubuhi mpaka jioni, anarudi. Ule asiyekuwa hapa wiki ile, kozi imemupita. Kwa hiyo mukiona mutoto anakaa tu, musiseme hana kazi. Musimuite nyumbani. Munanisikia?"

"Tunakusikia," walisema wote. Baba Riziki alisema kwa sauti kuliko wengine.

Alikuwa na somo jingine kwa watoto wenyewe, na kwa somo hilo aliazima chumba changu cha sala. Watoto wa kwetu wamefundishwa kutazama chini wanapozungumza na mkubwa. Maprofesa wa mjini hawakulijua hilo. Waliona kichwa kilichoinama wakafikiri mtoto hajui kitu. Basi alinikalisha mimi kwenye kiti mbele, akaniambia nijifanye profesa, nikunje uso.

"Uliza," alimwambia Riziki.

Riziki alisimama, mikono nyuma, macho kwenye sakafu.

"Nyumbani hiyo ni heshima," alisema Papa Apariteri. "Hapa Profesa anawaza unalala. Inua macho. Uliza."

"Profesa..." Sauti ilipotea.

"Profesa iko juu, haiko ndani ya udongo. Uliza."

Aliinua macho. "Profesa, sikuelewa. Unaweza kurudilia?"

Nilisahau kwamba mimi ni profesa, nikamjibu, "Ndiyo, binti yangu, Mungu akubariki," na vijana wakaanguka kwa kicheko. Papa Apariteri alinitazama kwa ukali. "Katekista, unaniharibia mazoezi."

Na mtu huyo huyo aliyewafundisha kuinua macho, rekta, mkuu wa universite, alipopita uani, yeye aliinamisha ya kwake. Nimemwona mara nyingi. Sikuwahi kumuuliza.

Hakuwa mtu rahisi, na sitaki kumpaka asali sasa kwa sababu hayupo karibu. Kijana mmoja wa Walikale alizuiliwa kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, na watu wenye bunduki, akafika wakati mtihani umeshaanza. Viatu vilikuwa mkononi, magoti yamechubuka. Papa Apariteri hakumfungulia. Kijana alilia nje ya mlango, na mimi nilimsikia kupitia mbao, nikatoka.

"Papa, mufungulie. Unaona hali yake."

"Naona."

"Basi?"

"Nikimufungulia huyu kwa sababu analia, kesho watalia wote. Mlango si wangu."

Nilirudi ndani nikiwa nimekasirika, nikashindwa kusali. Mtihani ulipokwisha, nilimwona akivaa buti zake mchana mweupe, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Alikwenda mpaka nyumba ya wageni alipolala profesa, akasimama uani wakati mvua inanyesha. Hakugonga. Alisimama tu, amelowa, mpaka profesa alipochoka kumwona dirishani akatoka kumuuliza ana nini. Kijana alipewa mtihani wake peke yake kesho yake. Papa Apariteri alikohoa majuma mengi baadaye, wala hakusimulia. Nilipata habari kwa profesa mwenyewe.

Kitu alichokichukia kuliko kuchelewa kilikuwa poda.

Kwetu, mtoto akipita mtihani mkubwa, ndugu zake hummwagia poda nyeupe kichwani na mabegani, mpaka macho tu yanabaki. Anarudi nyumbani mweupe namna hiyo, njia nzima, ili kila anayekutana naye ajue. Ni furaha yetu. Lakini Papa Apariteri alijua kwamba matokeo hayajulikani mpaka jina lisomwe, na furaha ya watu wetu haipendi kungoja. Siku ya proklamasio alisimama langoni akiwatazama akina mama waliofunga vikopo ndani ya vitenge. "Poda inabaki nje," alisema. "Kwanza jina. Jina likisomwa, mumwage mpaka mchoke." Poda ikimgusa koti, aliingia ofisini na kujipangusa kwa brashi ndogo aliyoiweka dirishani. Nilisikia brashi ile kupitia mbao: shwa, shwa, shwa.

Mwisho wa mwaka ule wa kwanza wa Riziki, familia yake ilishuka kutoka Muheto, baba, mama, shangazi, majirani, na ngoma. Walisikia kwa watu kwamba binti ni mwerevu, na ni kweli alikuwa mwerevu. Langoni hawakumkuta Papa Apariteri, alikuwa ameitwa ndani na juri. Mama Riziki alimwona binti yake akija kuwapokea, amevaa blauzi nyeupe, ameinua macho kama alivyofundishwa, na moyo wa mama ukashindwa kujizuia. Alifungua kikopo akammwagia chote. Shangazi akaongeza cha kwake. Wimbo ukaanza. Riziki alicheka, akafuta macho, akasema, "Mama, bado!" lakini nani angemsikia.

Waliingia uani hivyo, yeye mweupe katikati ya wengine wote.

Papa Apariteri alitoka na viatu vyake vyeusi, akasimama kwenye ngazi. Proklamasio inasomwa kwa Kifaransa. Ndivyo kanuni ilivyo. Jina, kisha neno moja. Majina yalikwenda, vigelegele vilipanda hapa na pale. Nilimwona alipofika kwenye jina la Riziki. Aliinua macho, akaiona ile poda. Alinyamaza kidogo tu, kiasi ambacho mtu asiyemjua asingekigundua. Kisha akasoma.

"Ajurne."

Neno hilo maana yake ni kwamba kazi haijaisha: kuna kozi iliyobaki, na mwanafunzi atarudi kuifanya katika sesio ya pili. Wanafunzi wote wanalijua. Wazazi wa Muheto hawakulijua. Walichokijua ni kwamba vigelegele havikupigwa, na kwamba kijana mmoja nyuma alisema kwa sauti, "Ule ameoga poda ya bure!" na watu wakacheka.

Baba Riziki, yule mtu wa maneno, hakusema hata moja. Alimshika binti yake mkono, akatoka naye, na wengine wakafuata na ngoma yao kimya. Walipanda barabara ya Muheto, naye akiwa mweupe njia nzima. Kila waliyekutana naye aliwapongeza.

Nilirudi chumbani kwangu nikangoja sauti ya brashi. Haikusikika. Kesho yake, Jumamosi, Papa Apariteri alikuja mlangoni pangu na buti.

"Katekista, sesio ya pili inaanza Jumatatu. Riziki amebakiza kozi moja tu, kemia. Kemia inafanywa siku ya kwanza."

"Atakuja."

"Hatakuja. Jirani yao amepita hapa. Baba yake anasema Jumatatu anamupeleka Bweremana kwa shangazi yake mwingine, auze samaki za sambaza. Anasema shule imemufukuza mbele ya watu."

"Hakufukuzwa!"

"Wewe unajua. Mimi najua." Alitazama njia. "Twende."

Siku zile njia haikuwa nzuri. Mizinga ilisikika upande wa pili wa milima, na barieri ziliota mahali pasipokuwa na barieri jana. Tulipanda pikipiki moja, yeye nyuma yangu, maana mimi ndiye niliyejua kuiendesha. Kwenye kona moja vijana wenye bunduki walitusimamisha. Mmoja alimtazama Papa Apariteri tangu buti mpaka tai.

"Wewe mwenye tai, unaenda wapi?"

"Muheto."

"Kufanya nini?"

"Kusoma jina ya mutoto."

Katika nchi yetu, mtu anayezunguka na majina anatafutwa na pande zote. Kijana alisogea. "Jina gani? Nani amekutuma na majina?"

"Ni mwanafunzi. Nilisoma matokeo yake, nikasoma vibaya."

"Ulidanganya?"

"Hapana. Nilisema kweli, lakini hawakuielewa. Naenda kuisema tena."

Walitukalisha juani kando ya barabara. Nilisali bila kufungua mdomo. Kijana yule alimvua tai, akaivaa yeye, na wenzake wakamwita "Profesa! Profesa!" wakimpigia saluti. Papa Apariteri aliketi magoti pamoja, mikono juu yake, kama wale wazazi kwenye benchi. Jua lilipogeuka walituchoka wakatuambia tupite. Tai haikurudi.

Baba Riziki alitupokea uani bila kutukaribisha kiti. Mama yake alituletea maji, akarudi jikoni haraka. Riziki hatukumwona.

"Umekuja kusoma tena?" aliuliza yule baba.

"Ndiyo, Baba Riziki."

"Ulisoma batu wote wakasikia. Nilishuka na ngoma. Nimepanda na mutoto mweupe kama mchawi, batu wananipongeza njiani, mimi najibu asante. Asante! Sasa unataka usome nini?"

"Hajashindwa. Iko sesio ya pili."

"Hayo ni maneno ya huku nyumbani. Ile ingine ilikuwa ya mbele ya batu."

Nilingoja aanze kueleza kanuni, maana ndiyo tabia yake. Badala yake alisema, "Una haki."

Baba Riziki alishangaa.

"Una haki," alirudia. "Kesho ni siku ya sala. Unipe nafasi mbele ya batu wa Muheto. Kisha ufanye unavyotaka na mutoto yako."

Jumapili niliongoza sala katika kanisa lao la mbao, na watu walikuwa wengi, kwa kuwa habari ilishafika kila nyumba. Baada ya baraka niliwaomba wabaki. Papa Apariteri alisimama mbele. Hakuwa na tai, na miguuni alikuwa na buti za matope. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ile ya viatu. Sijawahi kuisikia sauti ile kutoka kwa mtu mwenye buti.

"Matokeo ya Riziki, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, agronomi," alisema. "Nitasoma kozi moja moja, kwa Kiswahili, ili kila mutu asikie. Botania, njo masomo ya mimea: amepita."

Watu walisogea mbele kwenye mabenchi.

"Masomo ya udongo: amepita. Hesabu: amepita. Masomo ya mifugo: amepita, na kati ya wote wa darasa lake yeye njo wa kwanza."

Mwanamke mmoja mzee nyuma alipiga kigelegele, kisha akaona haya. Papa Apariteri aliendelea bila kugeuza sauti, kozi baada ya kozi, na kila aliposema amepita kigelegele kiliongezeka, mpaka wanaume wakaanza kupiga makofi. Riziki alikuwa upande wa wanawake, kitenge kimefunika nusu ya uso wake.

"Kemia," alisema. Watu walitulia. "Kemia: bado. Haikuisha. Mtihani wake ni kesho asubuhi. Ajurne maana yake njo hiyo, na mimi sikuwaeleza. Nimemaliza."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Baba Riziki alisimama polepole.

"Hiyo kemia," alisema. "Ilifundishwa wakati gani?"

Papa Apariteri alitazama buti zake. Nilimtazama, nikaelewa kwamba alijua tangu mwanzo, na kwamba hakuwa na nia ya kulisema hapo. Yule baba aligeuka upande wa wanawake.

"Riziki. Ilifundishwa wakati gani?"

Binti aliinua macho. Aliyainua kabisa, akamtazama baba yake usoni, mbele ya kijiji chote.

"Wiki ya kuvuna maharage, Baba. Ulimtuma jirani aniite. Niliporudi Profesa alikuwa amemaliza, amekwenda."

Baba Riziki aliketi. Alitazama mikono yake muda mrefu. Nilifikiri atakasirika kwa kuaibishwa mara ya pili. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo.

"Ulituambia pale kwenye benchi," alimwambia Papa Apariteri. "Musimuite. Mimi njo nilijibu kwa nguvu."

"Ulijibu kwa nguvu sana," alisema Papa Apariteri.

Mtu mmoja alicheka, na mwingine, na mwisho hata baba mwenyewe alitikisa kichwa akacheka kwa uchungu. Kisha akasimama. "Nani iko na pikipiki ya kubeba batu wawili? Mutoto analala leo universite. Na mimi nalala naye pale, mpaka aingie ndani ya ule mlango."

Riziki alifanya kemia Jumatatu. Baba yake aliketi nje ya dirisha la darasa, juu ya jiwe, kofia mkononi, akimfukuza kila mtoto aliyepita akipiga kelele. Juri ilikutana haraka mwisho wa juma, kwa sababu mizinga ilikuwa imevuka milima. Papa Apariteri aliketi nao kama mwandishi wao, akasikia matokeo ya kila mmoja. Proklamasio ilipangwa Jumamosi. Jumamosi ile watu wa bonde letu lote walikuwa barabarani na magodoro vichwani. Hakuna jina lililosomwa.

Miezi ile sote tulitawanyika. Mimi nilifika Bweremana, kando ya ziwa, nikapewa nafasi ya kulala katika nyumba ya kanisa. Familia ya Riziki ilikuwa pale pia, wamejibana kwa yule shangazi. Na Riziki alikaanga sambaza, akaziuza njiani, vile baba yake alivyokuwa ametaka afanye, ila sasa hata baba hakutaka tena. Universite ilisema itafungua tena masomo mjini, kwa wale waliopita. Riziki hakujua kama yumo. Alimpigia Papa Apariteri simu.

"Alisema nini?" nilimuuliza.

"Alisema proklamasio haijafanyika, Papa Katekista." Aligeuza samaki. "Nikamuuliza, lakini unajua? Akasema anajua. Akakata."

Nilimpigia mimi. Nilisema maneno makali, na ninayasema hapa ili ieleweke kwamba hata sisi tuliompenda tulimchoka.

"Mtoto anateseka. Sema neno moja tu, ndiyo ao hapana."

"Katekista, matokeo yanayosemwa ndani ya sikio njo yale yanayouzwa. Mimi sijawahi kusema ndani ya sikio."

"Universite imefungwa. Unalinda mlango gani?"

Alikohoa. Kisha akasema, "Nimeomba ruhusa kwa rekta. Ungojee," na simu ikafa.

Nimefundishwa kungoja, dini yangu sehemu kubwa ni hiyo. Lakini kumngojea mtu yule kulikuwa kugumu kuliko kumngojea Mungu. Siku za kufungua masomo mjini zilikaribia. Riziki aliacha kuuliza. Aliinamisha macho tena, nami niliona jinsi shingo yake ilivyolizoea jambo lile haraka.

Papa Apariteri alifika asubuhi ya siku ya soko. Nilimtambua kwa buti. Alikuwa amekonda, koti linamning'inia, na alikuja kwa miguu kutoka upande wa Sake. Rekta alimruhusu kusoma majina popote wanafunzi walipo, kwa sharti kwamba iwe mbele ya watu. Basi alikuwa akizunguka: kambi hii, kanisa lile, soko hili. Alisema amebakiza kwetu na sehemu nyingine moja.

"Kwa nini hukumwambia tu?" nilimuuliza wakati ananawa uso.

"Ile ajurne yake nilisoma mbele ya batu," alisema. "Nikisema mengine ndani ya simu, yale ya kwanza njo yatabaki."

Tuliwakusanya watu kwenye uwanja wa kanisa: wenye samaki, wenye mihogo, waliokimbia na wenyeji. Wanafunzi wetu walikuwa wachache, wakasimama mbele. Riziki alikuja na mikono yenye mafuta. Baba yake alisimama nyuma yake na kofia mkononi, kama siku ile juu ya jiwe. Mama yake alikuja kutoka kusaga, na beseni la unga wa muhogo kiunoni, chakula chao cha jioni.

Papa Apariteri alisoma. Kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kila jina mara mbili. Kijana mmoja alipita. Mwingine hakupita, naye alimweleza hapo hapo afanye nini mwaka ujao, bila haraka, mpaka mjomba wa kijana aliposema ameelewa.

Kisha akasoma jina la Riziki.

"Satisfaksio," alisema. "Njo kusema, amepita. Kemia pia amepita. Atakwenda mwaka wa pili."

Baba yake alikaa chini mahali alipokuwa amesimama. Watu walipiga kelele. Lakini mimi nilikuwa ninamtazama mama. Mkono wake ulikuwa tayari ndani ya unga, umefumbwa, na hakuutoa. Alitembea mpaka mbele ya Papa Apariteri.

"Papa Apariteri," aliuliza, "jina imeisha kusomwa?"

"Imesomwa, Mama."

"Yote? Hakuna ingine inabakia?"

"Yote. Mwaga."

Alimwaga kidogo tu, kiganja kimoja, kwa sababu watoto walikuwa bado hawajala. Upepo wa ziwa uliuchukua unga ule, na mwingine ulimwangukia Papa Apariteri begani. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona. Aliondoka baada ya kunywa uji, kwa sababu palikuwa na mahali pengine panapomngoja, na mimi nilimsindikiza kwa macho mpaka kona ya barabara, katika buti zake, na bega moja jeupe ambalo hakulipangusa.